Nati Iliyogoma

Gari la Mzee lilikuwa la zamani kuliko ndoa ya mwanawe. Lilikuwa na taa mbili za duara, usukani mwembamba, na milango mizito. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee alilifuta vumbi kwa kitambaa laini. Alianza juu ya paa, akamalizia kwenye magurudumu. Siku hizi mikono yake ilitetemeka. Kikombe kikijaa kilimshinda, lakini kitambaa hakikumshinda.

Mwanawe alipita pembeni ya gari, akiwahi kufungua kibanda chake cha kunyolea. Mtaa mzima ulimwita Kinyozi.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usiguse hapo, nimeshafuta."

"Sijagusa."

"Ulitaka kugusa."

Mama Pacha, mke wa Kinyozi, aliwasikia akacheka. Alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa dirishani, kwa hiyo kila kilichotokea uani alikiona, na kila alichokiona alikuwa na la kukisemea.

Wiki hiyo nyumba ilikuwa na pengo. Bibi, mke wa Mzee, alikuwa kwa binti yake katika mji wa jirani, karibu na hospitali iliyomtibu magoti. Sasa daktari alikuwa amesema Bibi anaweza kurudi nyumbani Jumamosi. Ngazi za basi zilikuwa ndefu mno kwake. Gari la Mzee lilimfaa, kwa sababu viti vyake vilikuwa vya juu na mlango ulifunguka wote. Tena kulikuwa na ahadi. Siku Mzee alipompeleka alimwambia, "Nimekuleta mwenyewe, nitakurudisha mwenyewe."

Basi Bibi alikuwa akisubiri.

Tatizo lilikuwa breki. Jumatano, Kinyozi alikanyaga breki kwenye njia panda. Gari halikusimama sawa. Lilivutwa upande mmoja, likaikosa meza ya muuza viatu kidogo tu. Nyumbani walichungulia chini, wakaona mafuta yametiririka upande wa ndani wa tairi la nyuma. Sili ya ekseli, mpira unaozuia mafuta yasivuje, ilikuwa imechoka, na mafuta yalikuwa yanalowesha breki. Breki yenye mafuta haishiki.

Ili kufika kwenye breki, lazima dramu, chuma cha duara kinachozifunika, itoke. Ili dramu itoke, lazima ifunguliwe nati kubwa iliyo katikati ya gurudumu, ile inayofunga ekseli.

Nati hiyo iligoma.

Alhamisi mchana Kinyozi alifunga kibanda mapema. Aliinua gari kwa jeki. Alivalisha spana kwenye nati, akachomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana ili urefuke. Akavuta. Akavuta tena. Mishipa ilimsimama shingoni.

"Wewe!" Mama Pacha aliita kutoka dirishani. "Nati si ndevu!"

"Shona nguo zako."

"Nashona. Macho hayashoni, yanatazama. Mbona gari linayumba?"

"Haliyumbi."

Lilikuwa linayumba. Kinyozi akapanda juu ya bomba kwa miguu yote miwili, akashika paa la gari, akaruka. Spana ikateleza. Jeki ikalala. Gari likashuka kwa kishindo, spana ikaruka, ikatoboa ndoo iliyokuwa ukutani. Kinyozi akaanguka chali.

Mama Pacha alitoka mbio, futi ya kupimia bado ikiwa shingoni. Alipiga magoti, akashika mikono ya mumewe, akaigeuza juu na chini. Alikunja kidole kimoja kimoja.

"Vyote vipo?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

"Vipo. Kiwiko ndicho kimechubuka." Alishusha pumzi. Halafu hasira ikampanda. "Una akili kweli? Mikono hii ndiyo inayotulisha! Ile ndoo ingekuwa kichwa chako, ningewaambia nini watoto? Gari hili litatuulia mtu. Liuzwe! Liende kwenye vyuma chakavu!"

Mzee alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia yote. Alitembea taratibu hadi kwenye gari, akafungua mlango wa mbele, akaketi nyuma ya usukani, akafunga.

"Umeona sasa," Kinyozi alinong'ona.

"Nimeona. Nenda kanawe kiwiko, kwa sabuni."

Mama Pacha alizunguka upande wa pili, akaingia, akaketi kando ya baba mkwe wake. Kwa muda walitazama ukuta ulio mbele yao.

"Baba, teksi ipo," alisema.

"Najua."

"Itamfikisha salama."

"Najua, mwanangu." Mzee aliweka mikono kwenye usukani ili itulie. Haikutulia. "Kupika siwezi. Kumwinua siwezi. Hata dawa, nikimnywesha kwa kijiko, nusu inaishia kwenye nguo yake. Kitu nilichobaki nacho ni kumwambia nitakuja, halafu nije."

Mama Pacha aliangalia pembeni. Alivua futi shingoni, akaikunja vizuri, akaikunjua, akaikunja tena.

"Sawa," alisema. "Halafu nilichosema kuhusu vyuma chakavu, nakirudisha. Sasa ngoja nikamwite mtu anayejua. Ilitakiwa tumwite kabla ya mwanao kuanza kurukaruka."

Katika nyumba ya tatu kutoka kwao alikaa mwanamke aliyefundisha ufundi wa magari katika chuo cha ufundi. Watu walimwita Mwalimu. Alikuwa mrefu, mwenye kicheko kikubwa, na viatu vizito alivyovivaa hata sokoni. Alikuja na sanduku lake la vifaa.

"Shikamoo, Mzee. Wewe Kinyozi, nasikia ulikuwa unacheza ngoma juu ya bomba."

"Mke wangu ana maneno."

"Mkeo ana mume, anataka abaki naye." Mwalimu aliinama kuangalia gurudumu. "Nani alikwambia uinue gari?"

"Nilitaka nipate nafasi."

"Nafasi ya nini, ya kuzikwa? Sikiliza. Nati hii hulegezwa gari likiwa chini, tairi limegusa ardhi, uzito wote umetulia. Ukisukuma bomba refu gari likiwa juu ya jeki, hufungui nati. Unaangusha gari."

Jeki ikawekwa kando. Mwalimu alivuta breki ya mkono.

"Hii imelowa mafuta, tusiitegemee peke yake," alisema. "Tia gia ya kwanza. Mama Pacha, nitafutie vipande vinne vya mbao, vinene."

Mama Pacha alileta mbao. Mwalimu alimwonyesha jinsi ya kubana magurudumu ya mbele, ubao mmoja mbele ya tairi na mwingine nyuma yake. Alilisukuma gari kwa bega. Halikusogea hata kidogo.

Kisha alivaa miwani ya kazi, akachuchumaa mbele ya nati. Aliitazama kwa muda mrefu. Aliipapasa kwa kidole gumba.

"Nani anapaka rangi hapa?"

Mzee alikohoa.

"Mimi," alisema. "Vifuniko vya katikati vilipotea zamani. Nati zikabaki wazi, zinaota kutu, aibu tupu. Mama yenu hapendi kuona kutu. Basi kila mwaka nazipaka rangi ya fedha."

"Kila mwaka?"

"Sijawahi kuruka hata mmoja."

Mwalimu alichukua kisu kidogo, akaanza kukwangua. Rangi ilitoka kama ganda la yai. Chini yake kulikuwa na rangi nyingine, na chini ya hiyo nyingine tena. Kinyozi na mkewe walisogea. Ncha ya kisu ikagonga kitu.

"Hiki hapa," Mwalimu alisema. "Njooni mwone. Mzee, njoo nawe."

Kulikuwa na pini. Ilikuwa kama waya mnene uliokunjwa. Ilipita katikati ya meno ya nati, ikapenya tundu la ekseli, ikatokea upande wa pili na miguu yake miwili imepindwa.

"Kazi ya pini ni moja," alisema Mwalimu. "Kuizuia nati isijifungue barabarani. Ikiwa bado ipo, hata mkija kumi na mkaruka wote, nati haitatoka. Mtavunja spana, au mtavunjika nyinyi. Mzee ameipaka rangi hadi ikapotea."

Kinyozi alishika kichwa. "Yaani nilikuwa napigana na waya?"

"Ulikuwa unapigana na mapenzi ya baba yako," alisema Mwalimu, akacheka hadi akakaa chini.

Mzee hakucheka. "Kwa hiyo ni mimi niliyeharibu."

Mama Pacha alimshika mkono. "Hujaharibu, Baba. Umependezesha kupita kiasi. Sasa tunakwangua, basi."

Mwalimu aliinyoosha miguu ya pini kwa koleo. Aliipiga kwa kichuma chembamba, taratibu, huku akiivuta kwa upande wa pili. Ilitoka vipande viwili, imeliwa na kutu. Halafu alimpa Kinyozi brashi ya waya na miwani ya pili.

"Sugua nyuzi zote za ekseli, hii mistari ambayo nati huzungukia, hadi zing'ae. Bila miwani huanzi."

Nyuzi zilipoonekana, Mwalimu alizifuata kwa ukucha.

"Hapa napo watu hukosea. Magari mengine ya zamani, upande mmoja nati hufunguka kinyume. Unadhani unalegeza, kumbe unakaza. Angalia nyuzi zinapanda kuelekea wapi kabla ya kushika spana. Za kwetu ni za kawaida, zinafunguka kushoto. Na upande wa pili tutaangalia vilevile. Breki hubadilishwa pande zote mbili kwa pamoja. Ukibadilisha upande mmoja tu, gari litaendelea kuvutwa."

Alichukua kopo la mafuta ya kulegeza kutu, akapuliza kidogo pale nati inapokutana na ekseli.

"Sasa tunaondoka," alisema.

"Tunaondoka kwenda wapi?" Kinyozi alishtuka. "Leo ni Alhamisi! Mama anatoka Jumamosi!"

"Mafuta yanataka muda wa kupenya. Yaache hadi kesho asubuhi."

"Mimi ninayo njia ya haraka. Nilete jiko la gesi, niichome nati kidogo. Chuma kikipata moto kinatanuka."

"Kinatanuka, ndiyo. Na haya mafuta niliyopuliza sasa hivi yatafanya nini? Na yale yaliyovuja ndani ya dramu?"

Kinyozi aliangalia kopo.

"Yatawaka," alijibu Mama Pacha.

"Yatawaka, na wewe umeinamisha uso hapo. Na usipowaka wewe, litawaka gari."

"Basi patasi na nyundo. Niikate."

"Uharibu nyuzi za ekseli ya gari ambalo vipuri vyake havipatikani ovyo? Na kipande cha chuma kiruke kikuingie jichoni, kesho umnyoe mteja sikio?"

"Haya, haya. Nimenyamaza."

"Mungu mkubwa," alisema Mama Pacha.

Jioni hiyo Bibi alipiga simu. Mzee alishika simu kwa mikono miwili.

"Mtakuja?" aliuliza Bibi. Sauti yake ilisikika chumba kizima.

Mzee alimtazama Mama Pacha. Mama Pacha hakutikisa kichwa wala hakukipandisha. Alimsubiri ajibu mwenyewe.

"Nati imegoma," Mzee alisema. "Ikilegea, nitakuja. Isipolegea nitakwambia kweli. Sitakupakia kwenye gari lisilo na breki."

"Usije ukajiumiza kwa ajili yangu, Mzee wangu."

"Siruki juu ya bomba mimi."

"Nani ameruka juu ya bomba?"

"Mwanao."

Kinyozi aliinuka akaenda kuangalia kama mlango umefungwa.

Asubuhi ya Ijumaa Mwalimu alirudi. Alileta soketi, spana ya kikombe, nene yenye pembe sita ndani, iliyoingia kwenye nati bila kucheza. Spana ya Kinyozi ilikuwa kubwa kidogo kuliko nati, ndiyo maana iliteleza. Alileta pia mpini mnene wa chuma, na bomba zito la kimo cha mtu. Aliweka gogo dogo chini ya shingo ya mpini ili soketi isipinde.

"Nani anafungua?" aliuliza.

Kinyozi alikunja mikono ya shati.

"Ngoja," alisema Mama Pacha. "Bomba hili si ndilo linalofanya kazi? Likiwa refu hivi, linahitaji nguvu nyingi?"

"Hapana. Kadiri linavyorefuka ndivyo nguvu inavyopungua."

"Basi afungue Baba."

Mzee alionyesha mikono yake. "Mwanangu, hii?"

"Hiyo hiyo. Mwalimu, itawezekana?"

Mwalimu alimpima Mzee kwa macho, bila haraka. "Itawezekana. Hatuhitaji mikono iliyotulia, tunahitaji uzito. Kinyozi atasimama nyuma yake amshike kiuno. Mama Pacha, sogea kule, usikae karibu na njia ya bomba."

Bomba lililala kushoto, limenyanyuka kidogo. Mwalimu alimpanga Mzee kama anayempanga mtoto kwa ajili ya picha. Miguu imepanuliwa. Mgongo wima. Viganja wazi juu ya bomba, vidole visilizunguke, ili likishuka ghafla visibanwe chini.

"Sasa liegemee. Usirushe mwili. Egemea taratibu, kama unafunga sanduku lililojaa nguo."

Mzee aliegemea. Bomba lilipinda kidogo. Nati ilikuwa kimya. Mikono ya Mzee ilitetemeka juu ya chuma, na chuma nacho kikatetemeka.

"Usiongeze kwa ghafla. Kaa hapo hapo."

"Haiendi."

"Kaa hapo hapo, Mzee."

Kaaa!

Mlio ulikuwa mkali kama ubao unaopasuka. Mama Pacha alipiga kelele. Kinyozi alimkumbatia baba yake kwa nguvu. Bomba lilikuwa limeshuka hadi karibu na ardhi, na Mzee alikuwa bado amesimama.

"Imevunjika," Mzee alisema. Uso ulimwanguka.

"Thubutu!" Mwalimu alicheka. "Hiyo ndiyo sauti ya nati ikikubali. Angalia!"

Alitoa bomba, akazungusha soketi kwa mpini mtupu. Ikazunguka.

Mzee alitazama nati, akatazama viganja vyake. "Mpigieni simu," alisema. "Hapana, leteni. Nitampigia mwenyewe."

"Baadaye," Mwalimu alisema. "Usiitoe yote, ilegee tu. Ukiitoa kabisa na dramu imeng'ang'ania, ikichomoka ghafla itakurukia. Iache ishike nyuzi chache."

Nati ya upande wa pili ilitii kwa njia ile ile, nayo ikapiga kelele zake. Hapo ndipo gari likainuliwa, juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, likakalishwa juu ya stendi za chuma. Jeki haikuachwa ibebe peke yake. Dramu zilivutwa kwa kifaa chake. Vumbi la breki walilifuta kwa kitambaa kilicholoweshwa, wala hawakulipuliza, maana Mwalimu alisema vumbi lile ni baya kwa mapafu. Sili mpya ikaingia. Breki mpya zikaingia pande zote mbili. Nati zikakazwa kwa spana ya kipimo, ile inayoonyesha nguvu ya kukaza, gari likiwa limerudi chini, na kila nati ikapewa pini mpya. Pini ya zamani hairudishwi, hata ikiwa inaonekana nzima.

Jioni, mtaa ulipokuwa mtupu, Kinyozi alijaribu breki. Kwanza kwa mwendo wa mtu anayetembea. Halafu zaidi kidogo. Gari lilisimama sawa kila mara.

Jumamosi Kinyozi aliendesha. Mzee alikaa nyuma, akiwa amevaa shati lililopigwa pasi na Mama Pacha mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuridhika. Mama Pacha alibaki nyumbani. Alifagia chumba cha Bibi, akapanga mito kitandani, akachemsha chai. Saa za kurudi zilipokaribia alisimama getini. Alijiambia kwamba anapunga upepo tu.

Gari lilitokea mwisho wa barabara. Lilikuja polepole. Alimwona Kinyozi kwenye usukani. Alipunga mkono. Likakaribia, likafika, likapita.

Lilipita geti, likaendelea.

"Breki!" alipiga kelele. "Jamani, breki!" Alitupa kanga ya mabegani, akakimbia pembeni ya gari, akafika usawa wa dirisha la nyuma.

Ndani, Bibi alikuwa amelala. Kichwa chake kilikuwa juu ya bega la Mzee, mdomo umefunguka kidogo. Mzee alimwona mkwewe, akaweka kidole midomoni. Kidole kilikuwa kinatetemeka. Kwa mkono mwingine alimgusa Kinyozi begani, akazungusha kidole hewani: zunguka tena.

Kinyozi alimtazama mkewe kupitia kioo, akainua mabega.

Mama Pacha alisimama katikati ya barabara, akihema. Alilitazama gari likikata kona. Aliokota kanga yake, akaikung'uta, akarudi getini kusubiri. Likazunguka mtaa mzima, na lilipofika mara ya pili Bibi alikuwa ameamka mwenyewe. Gari likasimama mbele ya geti, taratibu, bila hata kumtikisa.